Peris Makokha: Miaka Thelathini na Sita ya Mkono wa Kushoto

Peris Makokha anaruhusiwa kuja uwanja wa Kanduyi, Bungoma, Jumamosi tarehe 4 Julai, akae popote anapotaka na apige kelele anavyotaka. Wasichana hawatamsikiliza. Hayo yalisemwa Jumanne jioni na Bi. Nafisa Mohamud, mwalimu wa hesabu, ambaye kuanzia tarehe 1 Julai ndiye kocha wa timu ya kupokezana kijiti ya Shule ya Wasichana ya Kambi Mahindi, Kitale. Aliyasema huku Peris mwenyewe akiwa ameketi kando yake kwenye nyasi, viatu mkononi. Peris hakupinga. Alisema tu kwamba atakuja na kofia kubwa, jua la Kanduyi analijua.

Mwalimu Peris anastaafu Jumanne tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na sita ya kufundisha. Kumi na minne aliifanya katika shule moja ya wasichana karibu na Malakisi, na ishirini na miwili hapa kwetu. Miaka yote hiyo alifundisha jiografia asubuhi na kijiti jioni. Wanafunzi wake wa jiografia wamepita mitihani vizuri, na hilo halihitaji maelezo marefu. Kijiti kinahitaji.

Wasiofuatilia mchezo huu waelezwe kwa ufupi. Wasichana wanne hugawana mita mia nne, kila mmoja akikimbia takriban mia moja. Wa kwanza hushika kijiti kwa mkono wa kulia na kukiweka katika mkono wa kushoto wa mwenzake. Wa pili hukipeleka kwa mkono huohuo wa kushoto mpaka kwenye mkono wa kulia wa mtu wa tatu, ambaye hukipeleka kwenye mkono wa kushoto wa mtu wa nne. Hakuna anayebadilisha mkono njiani. Anayepokea huanza kukimbia mapema na hageuki nyuma. Hutoa mkono pale tu anapoitwa na anayeleta. Neno la kuita katika timu zote za Peris ni moja: "Mkono!" Wakikosea hatua moja ya haya, kijiti kinaanguka, na timu iliyokuwa mbele inaokota chini huku wengine wakipita.

Peris alizaliwa Bumula, katika familia ya wakulima, na mwenyewe alikimbia mita mia moja shuleni na chuoni. Hasemi kwamba alikuwa bingwa. Anasema alikuwa mtu wa nafasi ya nne, na nafasi ya nne humpa mtu muda wa kutazama vizuri migongo ya walio mbele. Alipoajiriwa mwaka 1990 na kupangiwa karibu na Malakisi, mwalimu mkuu wa huko alimuuliza kama anajua mpira wa wavu. Alijibu kwamba anajua kukimbia. Akapewa riadha, uwanja wa nyasi ulioteremka kuelekea shamba la tumbaku, na kijiti kimoja kilichopasuka. Wiki iliyofuata alikata paipu ya maji vipande sita, akavizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, na timu ikaanza mazoezi.

Miaka minne ya kwanza timu ile ilikuwa na kasi na haikuwa na bahati, au ndivyo ilivyosemwa. Msichana wa pili, Phelista, alikuwa na mbio kuliko yeyote katika eneo lile. Alipokea kijiti vizuri, akawaacha wenzake kwenye mstari mnyoofu, kisha alipokaribia kukabidhi mambo yakaharibika. Alikuwa akikihamisha kijiti kutoka kushoto kwenda kulia hatua chache kabla ya kukitoa. Mkono wa kulia ukakutana na mkono wa kulia, wakakanyagana visigino, na kijiti kikaanguka. Peris alimkemea. Alimkimbiza mizunguko ya ziada. Alimfunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushoto ili asisahau. Phelista hakuwa amesahau. Mazoezini alifanya sawa mara nne kati ya tano, lakini mbele ya watu mkono ukarudi kwenye tabia yake.

Jibu lilipatikana Misikhu mwaka 1994, timu ikirudi kutoka mashindano ya Kitale ambako kijiti kilianguka tena. Walisimama sokoni kununua mahindi ya kuchoma. Phelista alikuwa na hindi moto katika mkono wa kulia na chupa ya soda katika mkono wa kushoto. Mwenzake akamwomba soda. Phelista alibana hindi kwapani, likiwa moto vile vile, akahamishia chupa mkono wa kulia, ndipo akaitoa.

Peris alikuwa ameketi kwenye gunia la mtu akitazama.

"Rudisha hiyo soda," alimwambia mwenzake. Kisha kwa Phelista: "Mpatie tena."

Phelista akarudia vilevile, hindi kwapani, uso umekunjamana kwa moto.

"Sasa mbona usimpe na mkono uliokuwa na soda?"

"Si ni kushoto, mwalimu," alijibu Phelista, kama mtu anayeulizwa kwa nini havai viatu kichwani.

Hapo ndipo kazi ya maisha ya Peris ilipoanza hasa. Kijiti kilikuwa kinawataka wasichana watende, mbele ya umma, karibu kila kitu walichochapwa wasitende tangu walipoanza kutembea. Kijiti kinataka utoe kwa kushoto, upokee bila kumtazama anayekupa, usishike kwa mikono miwili, usipinde goti na usiseme asante. Katika nyumba za Bumula na Malakisi msichana anayefanya hivyo anaulizwa mamake ni nani. Phelista hakuwa na tatizo la kasi wala la kumbukumbu. Alikuwa na adabu, na adabu ilikuwa imeingia mkononi kabla Peris hajafika.

Suluhisho la kwanza la Peris lilikuwa kali. Alitangaza kwamba katika kipindi chote cha kambi, kila kitu kitatolewa na kupokewa kwa kushoto, bila kutazama, bila asante. Sahani, madaftari, sabuni, jembe, chai, vyote. Baada ya wiki tatu wasichana walikuwa wakipeana vitu kama mashine. Kijiti kiliacha kuanguka. Shule ikafunga, wasichana wakaenda nyumbani, na Phelista akampa nyanyake chai kwa mkono wa kushoto, akiwa ameangalia dirishani.

Nyanya hakuinywa chai ile. Siku ya kufungua shule alifika langoni kabla ya kengele, na fimbo yake, akamtaka mwalimu wa mbio.

"Mimi nimekosea huyu mtoto wapi?" alimuuliza Peris. "Niambie tu. Kama ni shule imesema nikufe, nitaenda nyumbani nijipange."

Peris alimwalika ndani. Alikataa kuingia. Peris akamweleza habari za kijiti pale pale langoni, na Kukhu, kama wote walivyomwita, akasikiliza hadi mwisho na kusema hajaelewa hata kidogo. Basi wakatelemka uwanjani. Wasichana wanne waliitwa kutoka darasani, wakakimbia na sare zao. Kwanza Peris aliwaambia wakabidhiane kwa heshima, kulia kwa kulia, wakitazamana. Walipigana vikumbo na kijiti kikaruka kwenye matope. Kisha wakakimbia kwa njia ya mazoezi. Kijiti kilizunguka uwanja bila kugusa chini.

Kukhu akauliza swali ambalo Peris amelirudia katika kila semina ya makocha aliyowahi kuhutubia: "Na huyu mtoto, atajuaje ako nyumbani au ako hapa?"

Siku hiyohiyo Peris alienda jikoni, akaomba majivu, akamwaga mstari mweupe kuzunguka uwanja wote. Ndani ya mstari ni kushoto. Nje ya mstari ni kulia, mikono miwili, goti, asante, na kila kitu cha nyumbani. Msichana anayeuvuka mstari kuingia huutazama kwanza, na anayetoka huutazama tena. Mstari huo wa majivu umekuwapo katika kila uwanja ambao Peris amefanyia kazi tangu wakati huo. Hapa Kambi Mahindi humwagwa upya kila Jumatatu, na ng'ombe wa jirani huufuta kila Jumapili.

Kukhu alihudhuria mashindano ya wilaya mwaka uliofuata. Walioketi karibu naye wanakumbuka kwamba alisimama Phelista alipokaribia kukabidhi na kupiga kelele, "Kushoto! Mpatie na kushoto, wewe!" Watu waliokuwa mbele yake waligeuka kumtazama mama mzima anayefundisha mtoto utovu wa adabu hadharani. Timu ilishinda. Baadaye Phelista akasomea uuguzi, na leo anafanya kazi Webuye. Anasema anachoma sindano kwa mkono wowote.

Peris alihamia Kitale Januari 2004. Alileta vijiti vyake vya paipu na tabia ambayo walimu wenzake waliizoea polepole. Katika chumba cha walimu alikuwa akipitisha chaki, kalamu na vikombe nyuma ya mgongo wa mtu bila onyo. Bw. Rotich wa fizikia, baada ya kumwagikiwa mara ya pili, alisimama na kuuliza mbele ya wote: "Mwalimu Peris, hii ni chai ama ni mita mia nne?" Peris akamjibu kwamba ni chai, na kwamba amechelewa kutoa mkono. Bw. Rotich sasa hukaa upande wa dirisha.

Njia yake ya kufundisha ni rahisi kueleza na ngumu kuvumilia. Timu mpya haikimbii wiki ya kwanza. Wasichana wanne hukaa kwenye benchi, mmoja nyuma ya mwingine, wakipitisha kijiti mbele, kisha wanageuka na kukirudisha. Halafu wanasimama. Halafu wanatembea. Kukimbia polepole kunakuja baadaye, na kasi kamili inakuja mwisho, baada ya kila msichana kujipimia kwa nyayo zake mahali pa kuweka alama ya kuondokea. Mzazi mmoja aliyekuja kutazama mazoezi aliondoka akidhani wasichana wameadhibiwa.

Jambo la pili ni kwamba Peris husahihisha kitu kimoja tu kwa siku. Ikiwa leo ni siku ya kiwiko, ni kiwiko. Msichana anaweza kuondoka mapema, kuita kwa sauti ya mgonjwa na kukanyaga mstari wa jirani, na Peris hatasema lolote ila la kiwiko. Wanafunzi wenye bidii huchukizwa sana na jambo hili. Wanataka waambiwe makosa yote. Yeye huwaambia kichwa kina mlango mmoja.

Jambo la tatu ni kwamba huuliza kabla ya kusema. Kijiti kikianguka, swali la kwanza ni, "Umesikia nini mkononi?" Wanafunzi wa kidato cha kwanza hujibu, "Hakuna, mwalimu." Wa kidato cha nne hujibu kwamba kijiti kilifika chini ya vidole badala ya kwenye kiganja, kwa sababu mwenzao aliinua mkono juu mno alipochoka. Umbali kati ya majibu hayo mawili, anasema Peris, ndio kazi yenyewe.

Kuna pia siku ya mafuta, ambayo hufanyika mara moja kila muhula. Vijiti hupakwa mafuta ya kupikia na wasichana hukabidhiana katika mwendo kamili. Mwaka 2013 kijiti kimoja kiliruka ua na kutua kwenye hori la ng'ombe wa jirani. Ng'ombe hakukirudisha. Kilipatikana baada ya siku chache, kimetafunwa upande mmoja, na bado kinatumika.

Bi. Nafisa Mohamud aliingia katika habari hii mwaka 2011, akiwa kidato cha pili. Nyumbani kwao ni mtaa wa karibu na msikiti, mjini Kitale, na mamake, Bi. Ladan, anauza vitambaa. Safari hiyo Peris hakungoja kuitwa langoni. Alienda mwenyewe dukani, kabla msichana hajashika kijiti, akaeleza mkono wa kushoto na mstari wa majivu. Bi. Ladan alimsikiliza akipima kitambaa cha mteja.

"Chakula hapana," alisema. "Chakula atakula na kulia. Hiyo siwezi kukubali hata mkileta mwalimu mkuu."

"Kijiti si chakula, mama."

"Na maji?"

"Maji pia hatutagusa."

"Basi hicho kijiti chukueni na mkono mnataka. Lakini mandazi, mwalimu, mandazi hapana. Nitamuuliza Nafisa, na Nafisa hanidanganyi."

Tangu siku hiyo hakuna chakula wala kinywaji kinachovuka mstari wa majivu. Peris alikiri kwamba sheria ya Bi. Ladan ilikuwa bora kuliko yake. Wasichana wote, wa dini zote, walikuwa wameona haya kula kwa kushoto, na mtu mwenye haya hajifunzi haraka. Siku hizi wanapeana paipu, viatu na vifuniko vya sufuria, na wanakunywa chai nje ya mstari kama watu.

Nafisa alikimbia nafasi ya pili miaka mitatu. Timu hiyo ilifika fainali ya taifa na kumaliza ya pili, kama ilivyofanya timu nyingine ya Peris mwaka 2018. Taarifa sahihi ni kwamba Peris Makokha hajawahi kushinda dhahabu ya taifa. Ameshinda taji la eneo mara sita, amepeleka wasichana watano katika timu za polisi na magereza, na wanane kati ya waliopita mikononi mwake ni makocha leo, mmoja wao akiwa ndani ya shule hii. Akiulizwa kuhusu dhahabu husema bado anaitafuta, na kwamba amewaachia wengine darubini.

Lakini mwaka huu ulikuwa na jambo zito kuliko medali.

Mwezi wa Machi timu ilikwenda mashindano ya eneo bila Peris. Alikuwa Bumula, kwa mazishi ya shangazi yake, na Nafisa ndiye aliyesafiri na wasichana. Mambo yalikuwa mazuri hadi makabidhiano ya pili. Viola, wa kidato cha nne, alikuja kwa kasi yake yote, kijiti katika mkono wa kushoto kama ipasavyo, akaita. Waruguru, wa kidato cha tatu, alikuwa ameondoka kwa wakati, mbele yake, na hakutoa mkono. Viola akaita tena. Mkono haukuja. Wakatoka nje ya eneo la kukabidhiana na timu ikaondolewa.

Jumatatu iliyofuata Peris aliwaketisha kwenye benchi na kuuliza kama kawaida. Viola alisema aliita mara mbili. Waruguru alikubali kwamba alisikia.

"Sasa mbona hukutoa mkono?"

"Nilikuwa nangojea wewe, mwalimu."

Katika miaka yote hiyo, kwenye kila kona ya kila uwanja, Peris alikuwa akisimama nje ya ua na kupiga kelele "Mkono!" pamoja na anayeleta kijiti. Alidhani anawasaidia. Kwa sehemu alikuwa anawasaidia kweli, na medali zipo. Lakini Waruguru alikuwa amejifunza kusikiliza sauti moja tu, na mwenye sauti hiyo alikuwa amebakisha miezi mitatu kazini. Mwalimu mkuu, Bw. Kagwe, alimwambia waziwazi kwamba kama timu haiwezi kukimbia bila yeye, basi shule haina timu ya kijiti, ina Mwalimu Peris, na muda wa uwanja utapewa mpira wa wavu kuanzia muhula wa tatu. Wakakubaliana kwamba mbio za mwaliko za Kanduyi, siku nne baada ya yeye kustaafu, ndizo zitakazoamua.

Kwa hiyo muhula wake wa mwisho Peris aliutumia kujiondoa.

Kwanza alinyamaza. Alisimama mahali pake pa kawaida, midomo imefungwa, na wasichana wakaangusha kijiti mara tatu mfululizo. Kisha akasimama akiwapa mgongo. Kijiti kikaacha kuanguka, na wote wakafurahi kwa siku mbili, mpaka Waruguru, msichana mkweli kupita kiasi, alipomwambia Nafisa kwamba anatazama mabega ya mwalimu. Mwalimu akivuta pumzi mabega yanapanda, na hapo yeye anatoa mkono.

Basi Peris akapelekwa jikoni. Mpishi mkuu, Bw. Matthew Wepukhulu, alimpa sinia la maharagwe achague mawe. Jiko letu liko nyuma ya ukuta wa uwanja na lina dirisha. Siku ya kwanza Viola alipokaribia kona, dirisha lilifunguka na sauti ikatoka, "Mkono!" Waruguru akatoa mkono, vizuri kabisa. Siku ya pili Bw. Matthew alilifunga dirisha na kuegemeza gunia la unga.

"Mwalimu," alisema, "chagua maharagwe."

"Nimesikia hatua za Viola. Amechelewa kuita."

"Kama amechelewa, si atajua? Chagua maharagwe, bana. Jana mwalimu wa zamu amevunja jino."

Alichagua maharagwe karibu mwezi mzima. Bw. Matthew anashuhudia kwamba mawe yalipungua lakini kasi ya kazi haikuridhisha, kwa sababu mchaguzi alikuwa akisimama kila baada ya dakika chache. Huko nje, Nafisa aliwafanya wasichana waite wao kwa wao kila mahali ndani ya mstari. Aliwafunga vitambaa machoni na kuwataka wamtambue anayeita kati ya sauti kumi. Aliwaleta wenzao wapige madebe kando ya njia. Kijiti kilianguka, kisha kikaanguka mara chache, kisha kikaacha.

Bado haikujulikana kama ni ufundi au ni utulivu wa kutokuwepo kwa mwalimu. Kwa hiyo wiki hii Nafisa alikwenda jikoni na ombi. Alimtaka Peris arudi kwenye kona yake, asimame pale pale, na aite. Lakini aite vibaya, yaani kabla ya wakati, kwa sauti yake yote.

Peris alikataa. Alisema hajawahi kumpa mtoto wito wa uongo, na hataanza wiki ya mwisho. Nafisa alimwambia kwamba Kanduyi kutakuwa na watu elfu moja wanaopiga wito wa uongo. Peris akasema hao hawakuajiriwa kuwafundisha. Bw. Matthew, ambaye hakuulizwa, alisema yeye amechoka kuwa na mwalimu wa jiografia jikoni kwake na angependa jambo hili liishe.

Jumanne jioni, mbele ya Bw. Kagwe, walimu kadhaa na wasichana waliomaliza vipindi, timu ilijipanga. Waruguru alimwona Peris kwenye kona. Hakuna aliyemwambia kitu. Viola alipokea kijiti kwa kushoto, akaja. Akiwa bado mbali, hatua nyingi kabla ya wakati, Peris alijaza kifua na kuita, "Mkono!" kwa sauti ambayo ilisikika hadi barabarani.

Mkono wa Waruguru haukutikisika. Alikuwa tayari anakimbia, macho mbele, mikono ikienda mwendo wake. Viola akafika, akaita kwa sauti yake nyembamba, na mkono wa kulia ukaja nyuma, kiganja wazi. Kijiti kikaingia.

Walirudia mara tatu. Mara ya pili Peris aliita akichelewa, mara ya tatu aliita mara mbili mbili. Alipuuzwa mara zote. Baada ya mara ya tatu alivua viatu, akaketi kwenye nyasi, na kumwita Waruguru.

"Hukunisikia?"

"Nilikusikia, mwalimu."

"Na mbona hukunitii?"

Waruguru aliangalia chini kwanza, akaona mstari wa majivu uko nyuma yake, kwamba yuko ndani. Ndipo akajibu akimtazama machoni: "Wewe hukuwa na kijiti, mwalimu."

Walimu waliokuwepo wanasema Peris alicheka hadi akalala chali. Bw. Kagwe hakusema lolote kuhusu mpira wa wavu. Alisema uamuzi ni wa Kanduyi, kama walivyokubaliana, lakini alimwagiza mtunza stoo asiwape watu wengine muda wa uwanja kwa sasa.

Peris anahamia Bumula, ambako ana ekari mbili za mahindi na migomba, na amekwisha kuombwa na shule mbili za huko awe kocha. Hajakubali. Anasema anataka kwanza msimu mmoja wa kukaa katika viti vya watazamaji, mahali ambapo hajawahi kukaa, ajue kunaonekana nini kutoka huko.

Kambi Mahindi inamshukuru kwa mikono mingi aliyoifundisha kazi mpya bila kuiharibia kazi ya zamani. Inamshukuru pia kwa kujua wakati wa kuachia, jambo ambalo katika mbio hizi ni nusu ya ufundi. Mwalimu Peris, nenda salama. Mashamba yako yazae, magoti yako yasikusumbue, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na zenye afya.

Sherehe ya kumuaga itafanyika Ijumaa tarehe 26 Juni, saa nane mchana, uwanjani na si ukumbini. Bi. Ladan analeta mandazi, yatakayoliwa nje ya mstari. Zawadi itatolewa ndani ya mstari. Viola ataikabidhi kutoka nyuma, kwa mkono wa kushoto, na mstaafu ameombwa asigeuke, asishike kwa mikono miwili na asiseme asante. Wageni kutoka Bumula wamekwisha kuelezwa sababu.

Basi la timu litaondoka langoni Jumamosi tarehe 4 Julai saa kumi na moja alfajiri. Mbio za kijiti za wasichana zitaanza saa nne na dakika arobaini asubuhi. Makabidhiano ya pili yatakuwa upande wa mbali wa uwanja wa Kanduyi, na Viola ndiye atakayeita.